Flipa ya kushoto ikilegea: kutunza pinboli nyumbani Kigoma

Wageni wakiingia sebuleni kwangu hapa Mwanga, swali lao la kwanza ni kama lile sanduku la taa ni dubwi. Siwalaumu, maana mashine za kumeza mia mbili za watoto zimejaa mitaani. Huwa nafunga mlango, nawaachia gololi moja wacheze wenyewe. Hii ni pinboli, mashine ya kuchezea gololi kwenye ubao ulioinama, Gottlieb ya Chicago ya mwaka 1975, na nimeirekebisha ianze bila sarafu.

Shaka hiyo ina historia. Mwaka 1942 jiji la New York lilipiga pinboli marufuku kwa hoja ya kamari, na marufuku ikadumu hadi 1976. Enzi zile mchezaji alirusha gololi kisha akaisindikiza kwa macho, basi. Flipa, vile vibao vya kuipigia, zilikuja mwaka 1947 kwenye mashine ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty, aliyoibuni Harry Mabs. Tangu hapo mkono wa mchezaji una kazi. Ndiyo maana hapa nitazungumza zaidi juu ya flipa: zikifa, unabaki na kabati lenye taa.

Yangu haina bodi ya elektroniki. Ukifunua kioo na kuinua ubao wa kuchezea, unakuta nyaya zilizovishwa nguo, koili (waya uliosukwa unaovuta chuma umeme ukipita), rilei (swichi zinazovutwa na koili) na kontakti nyingi mno, vile vibati vinavyogusana kupitisha umeme, vyote unaviona kwa macho. Fundi yeyote mwenye testa, mchoro wa nyaya na subira anaweza kuifuatilia mpaka aone hitilafu ilipo. Niliinunua Dar es Salaam, ikaja kwa treni ya Reli ya Kati, kichwa kimefungwa peke yake na miguu imefunguliwa. Ina uzito wa zaidi ya kilo mia, kwa hiyo andaa vijana wanne kabla haijafika stesheni.

Umeme kwanza. Yangu imeandikwa volti 115, hezi 60, na sisi tunatumia volti 230, hezi 50. Volti unazishusha kwa transfoma, na mimi nilichukua yenye uwezo mara mbili ya mahitaji. Hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, hazishushwi wala kupandishwa kwa transfoma. Matokeo yake transfoma ya ndani inapata joto zaidi, na mota inayohesabu pointi inazunguka kwa kasi ya tano ya sita tu, yaani mizunguko mitano pale ambapo Marekani ingefanya sita. Ukipata pointi 500, kengele zinagonga taratibu kidogo. Hilo halina madhara, ila tusiiache inawaka mchana kutwa.

Mchwa nao. Miguu ni ya chuma lakini mwili ni mbao, na mchwa wa Kigoma hawashindwi kujenga njia ya udongo juu ya chuma. Kila Jumamosi nainama na tochi. Nikiwa pale chini naweka pima maji, kwa sababu ndani ya sanduku kuna timazi halisi, kizito kinachoning'inia katikati ya pete ya chuma. Ukiitikisa mashine kupita kiasi timazi inagusa pete na mchezo unakatika. Sakafu ikiwa imepinda, inagusa hata kwa mtu mstaarabu.

Sasa flipa. Koili yake moja ina waya za aina mbili. Waya nene, yenye ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache tu, inavuta kwa nguvu. Flipa ikifika mwisho, inasukuma kontakti ndogo na kuifungua, na hapo umeme unalazimika kupita pia kwenye waya nyembamba yenye ohm nyingi. Mkondo unapungua, flipa inabaki juu bila kuchemka hata ukishikilia kitufe.

Mvua za Machi, mwaka juzi, niliona kontakti hiyo imelegea, nikaikunja igusane barabara. Niliikunja kupita kiasi. Flipa ilipofika mwisho haikufunguka. Binti yangu alishikilia kitufe akisubiri gololi ishuke, na kabla haijashuka nilisikia harufu ya vanishi inayoungua. Nilichomoa plagi, lakini karatasi ya koili ilishakuwa nyeusi.

Nikaipeleka kwa mzee anayesuka mota.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, baba. Ya pampu gani hii?”

Nilimweleza. Akaifungua polepole, waya ukipita kwenye kidole gumba.

“Mbona huu mwingine kama unywele?”

“Mnene unavuta, huo unashikilia.”

“Basi hapa hatukisii. Tuhesabu yote miwili.”

Tulihesabu raundi za waya mpaka adhuhuri. Waya mnene aliupata siku hiyohiyo. Ule mwembamba aliutoa kwenye koili nyingine iliyokufa.

Tangu siku ile, flipa ikiwa juu kabisa, nahakikisha kontakti imeachana kwa karibu milimita 3. Kontakti za flipa ni za tangsteni, nazisugua kwa tupa ndogo laini. Zile nyingine, za fedha, napitisha karatasi ngumu tu. Msasa unakula fedha yote. Na usipulizie mafuta ya kulainisha: yanashika vumbi letu jekundu, na cheche ikiyakuta, yanaweza kuwaka.

Hesabu ya raundi mzee ameiandika kwenye daftari lake, kati ya pampu ya mtu wa Ujiji na mota ya mashine ya kusaga. Flipa ya kulia ina koili ileile. Siku ikiungua, hatutahesabu upya.