Mgongo usioisha kuuma si lazima pingili zimesagika

Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, Tanzania, msimu wa kuokota korosho ukipita, wengi huamini kuwa mgongo unaouma miezi na miezi ni pingili zilizosagika tu, na anayetaja ubongo anamwita mgonjwa mwongo. Inaeleweka: aliyeinama tangu alfajiri chini ya mikorosho anajua fika maumivu yalipoanzia.

Lakini hakuna maumivu yasiyopitia kwenye ubongo, na yakizidi miezi 3 neva zinaweza kuendelea kuyakuza hata jeraha likiwa limepona. Ni maumivu ya kweli kabisa. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuelekeza mawimbi ya sauti yasiyosikika hadi ndani ya ubongo, bila kupasua fuvu, waone kama maumivu yatabadilika. Bado ni utafiti. Anayekuuzia kama tiba, muulize ilijaribiwa kwa watu wangapi, ikalinganishwa na nini.

Picha ya MRI, kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mwili, nayo isikutishe: hata wasioumwa popote huonekana na diski (vipande laini vilivyo kati ya pingili) zilizochomoza, kwa hiyo muulize daktari kama kilichoonekana kinalingana na unapoumwa. Ila miguu ikikosa nguvu, ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo ukigoma ama kukutoka bila kujijua, nenda hospitali siku hiyohiyo.