Mlingoti wa Kulazwa: Hesabu Huanzia Kileleni

Mashua za pwani yetu kwa kawaida hazihitaji mlingoti unaolala, kwa sababu mlingoti wake ni mfupi na foromali, yaani mti unaobeba tanga, hushushwa pamoja na tanga. Lakini mashua niliyoiunda nyumbani, yenye urefu wa mita 4.9, hulazimika kupita chini ya daraja kila inapotoka horini, nami mara nyingi huwa peke yangu chomboni. Kwa hiyo niliuweka mlingoti kwenye egemeo, yaani bolti inayoupenya, nikafunga risasi kisiginoni, yaani kwenye ncha yake ya chini, ili uzito wa chini uubebe uzito wa juu. Mbinu hii ni ya zamani: katika mito ya Norfolk, Uingereza, vyombo vya mizigo viitwavyo wherry vililaza milingoti yao hivyo hivyo mbele ya madaraja, kisigino kikiwa na risasi ya zaidi ya tani 1, na Albion, iliyoundwa mwaka 1898, imehifadhiwa mpaka leo.

Mlingoti wangu ni wa paina, mita 4.8 juu ya egemeo na mita 0.8 chini yake, wenye unene wa milimita 80 penye egemeo na 50 kileleni. Sikukisia uzito. Niliulaza ukiwa kamili, pamoja na kapi na kamba zake, nikaiegemeza bolti juu ya vigogo viwili na kukiweka kilele juu ya mzani, ambao ulisoma kilo 4.1. Ukizidisha kwa 4.8 unapata 19.7, ukigawanya kwa 0.65, yaani mita kutoka egemeo hadi katikati ya risasi, unapata kilo 30.3. Nilifunga 27 tu, ili kilele kibaki kizito kwa takriban gramu 450 na mlingoti, ukishasukumwa kidogo, ushuke wenyewe huku nikiutawala kwa kamba ya omo, yaani ya mbele ya chombo.

Wengi hudhani kwamba risasi hiyo, kwa kuwa imekaa chini ngamani, ni farumi ya bure, yaani uzito wa kukituliza chombo. Sivyo hata kidogo. Mlingoti na risasi vikisawazika, kitovu cha uzito wao wote huwa penye egemeo, uwe umesimama au umelala, kwa hiyo chombo hubeba karibu kilo 40 kana kwamba zimewekwa pale kwenye bolti, juu ya sitaha. Tena kila gramu 100 unayoiacha kileleni hudai takriban gramu 740 za risasi. Ndiyo maana nasisitiza kuchonga kwanza, kupunguza kapi na vyuma vya juu, kisha ndipo ununue risasi.

Kwa nini risasi na si zege? Kilo 27 za risasi ni lita 2.4 tu, ilhali za zege ni zaidi ya lita 11, na kisigino kinapopanda kuelekea omo lazima kipite kwenye mwanya wa sitaha wenye urefu wa karibu sentimita 80. Kalibu ya kumiminia iwe kavu kabisa, kwa maana risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na tone moja la maji chini yake hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Yeyusha nje, upepo ukiwa mgongoni.

Tundu la bolti ya milimita 16 haliudhoofishi sana mlingoti kwa mvuto wa mbele na nyuma, lakini kwa upepo wa ubavuni hula moja ya tano ya upana wa mti. Mbao mbili nene zinazoushika kandokando zinapaswa kupanda juu ya bolti, zisiishie hapo, na tundu livishwe bushi ya shaba.

Kamba za ubavuni zinazoushikilia mlingoti zifungwe kwenye mstari mmoja na bolti. Mara ya kwanza nilizifunga sentimita 6 mbele yake. Mlingoti ulifika nusu ya njia, kamba zikakaza, ukagoma kushuka, nao mkondo ulikuwa ukinipeleka darajani. Nilitupa nanga haraka. Jioni ile ile nilivihamisha vikuku vyote viwili vya kufungia kamba hizo.