Amplifaya na ESP32: pini tupu si pini huru

Tulikuwa tunaunda kisanduku cha kutangaza bei ya dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. ESP32, bodi ndogo ya kompyuta, ipokee ujumbe kwa waifai; MAX98357A, amplifaya ya sauti ya kidijitali, iupeleke kwenye spika. Dogo akachomea waya, akapakia programu, bodi ikaanza kujizima na kujiwasha mfululizo. "Kaka, amplifaya feki hii."

Dhana: amplifaya ndiyo mbovu.
Amplifaya ilikuwa nzima. Ina mguu ulioandikwa BCLK (wa mapigo ya saa ya sauti), na bodi yetu ya pini 38 ina pini iliyoandikwa CLK, basi dogo akaviunganisha. Kosa linaloeleweka kabisa! Ila CLK hiyo ni GPIO6 (yaani pini namba 6), inayoendesha flashi ilimohifadhiwa programu yenyewe. Pini 6 hadi 11 zote ni za flashi. Zimetokezwa nje, lakini usiziguse.

Dhana: namba za kwenye mfano wa programu ni sheria.
Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mifano mingi huweka DIN, mguu wa amplifaya unaopokea data za sauti, kwenye GPIO22, na skrini ndogo za I2C (njia ya data ya waya mbili) nazo kwa kawaida hukaa 21 na 22. Ukiwasha sauti, skrini inazimika. Watu hukimbilia kununua bodi nyingine, wakati ESP32 inaweza kupeleka ishara za I2S, yaani sauti ya kidijitali, karibu kwenye pini yoyote inayotoa. Hamisha waya, badilisha namba kwenye programu, basi. Sisi tulihamia 33.

Angalia tu usiangukie 34 hadi 39: hizo hupokea, hazitoi. Na GPIO12 iache, hasa kama ina kitufe chenye rezista ya kuvuta juu (inayoishika pini kwenye volti 3.3). Ikiwa juu bodi inapowaka, flashi hupewa volti 1.8 badala ya 3.3, na bodi nyingi hapo hazinyanyuki.

Dhana: waifai haina uhusiano na pini.
Inao. Dogo alipima betri kwenye GPIO27, na vipimo vikafa kila waifai ilipowaka. Pini hiyo iko kwenye ADC2, kipima volti cha pili cha bodi, ambacho waifai hukitumia. Kipimo tukakipeleka 34, iliyo nje ya ADC2, mahali pazuri kwa pini isiyotoa.

Dhana: ESP8266, bodi iliyotangulia ESP32, ni hivyohivyo.
Hapana. Kule I2S ina pini zake: 2, 15 na 3. Hiyo 3 ndiyo inayopokea data za kompyuta, kwa hiyo kitakachohama ni kifaa kingine, si amplifaya.

Mpangilio wetu ulioishia kukaa: BCLK 26, LRC (mguu wa kutenganisha sauti ya kushoto na kulia) 25, DIN 33, skrini 21 na 22, betri 34. Kinachotushinda sasa ni wachuuzi wa Mwaloni. Wati 3 hivi, kwa spika ya omu 4 na volti 5, hazifui dafu mbele ya mama anayeuza sangara.