Mungu ni mwema kila wakati? Zaburi ya 23 ukiisoma ukiwa Newala

Ukifika Newala ukauliza pa kwenda kutembea, wa kwanza tu utakayemuuliza atakupeleka Shimo la Mungu. Ni pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla, unasimama ukingoni unaliona bonde lote la Ruvuma liko chini yako na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na asubuhi za Juni ukungu unakuwa umelala kule chini mweupe mpaka jua liupandishe. Wageni wanapiga picha, wanasema Mungu ni mwema jamani, wanarudi gesti. Nakubaliana nao kabisa, mimi mwenyewe nimezaliwa hapa na bado nikipita natulia kidogo. Ila marehemu bibi yangu alikuwa akitazama lile bonde yeye haoni uzuri, anaona maji.

Maana huku juu udongo ni mchanga, mvua ikinyesha inazama yote, huna mto huna chemchemi, kwa hiyo kabla mabomba ya mradi wa Makonde hayajafika, na hata baadaye kila yalipokauka, wanawake walikuwa wanatoka usiku kushuka bondeni na mtungi, wanarudi jua limeshawaka. Bibi alikuwa anatuambia, kushuka unashuka kwa miguu, kupanda unapanda kwa roho. Sisi watoto tulicheka tu, tumekuja kumwelewa tukiwa wakubwa.

Sasa mimi kazi yangu ni kufundisha Zaburi, nawafundisha makatekista wa vijijini, wengi wao wakulima wa korosho wanaokuja darasani na mikono ina utomvu, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: Mwalimu, kanisani mtu akisema "Mungu ni mwema" tunaitikia "kila wakati", hivi tunamaanisha nini? Mara nyingi anayeuliza ametoka kuzika.

Naanzaga na neno lenyewe. Kwenye Mwanzo sura ya 1, Mungu anaumba halafu anatazama, "Mungu akaiona nuru, ya kuwa ni njema." Kiebrania hapo ni *tov*. Na *tov* ni neno pana kuliko "njema" yetu, maana neno hilohilo ndilo linatumika sura ya 24 kumsifia Rebeka uso wake, kwamba binti alikuwa mzuri wa kutazama. Kwa hiyo Mungu alipoangalia kazi yake hakuwa anakagua tu kama inafanya kazi, aliifurahia, aliona inapendeza. Ndio maana simkatazi mtu kumsifu Mungu kwa sababu ya machweo ya Mikindani au harufu ya mikorosho ikichanua. Kuna wahubiri wanaona kama huo ni utoto wa imani, eti imani ya kweli ni ya kwenye mateso tu. Wamekosea, na Mwanzo 1 iko wazi.

Tatizo linakuja ukiishia hapo ukingoni, ukadhani wema wa Mungu ni ile mandhari.

Hebu fungua Zaburi ya 23. Unaijua kwa kichwa najua, ndio maana nataka uisome polepole. "BWANA ndiye mchungaji wangu." Hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Anayeongea ni Daudi, anatuhadithia habari za Mungu, *yeye* anafanya hiki, *yeye* anafanya kile, na mazingira ni mazuri mno, majani mabichi, maji yametulia. Halafu mstari wa 4, "nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana *Wewe* upo pamoja nami." Umeona? Kwenye malisho alikuwa anamsimulia Mungu kwa watu, akiingia bondeni anageuka anaongea naye mwenyewe uso kwa uso, gongo lako, fimbo yako, waandaa meza mbele yangu. Hakuna mtu amemwambia abadilishe, giza limemsogeza. Kila mwaka nikifika hapa darasani nanyamaza kwanza, na kila mwaka kuna mzee mmoja anatikisa kichwa taratibu, na huwa najua huyo ameshashuka.

Na mwisho kabisa, mstari wa 6, "Hakika wema na fadhili zitanifuata." Huo wema ni *tov* ileile ya uumbaji. Ila tazama "zitanifuata", kwenye Kiebrania ni *radaf*, na hilo ni neno la kukimbiza, la jeshi kumfukuza adui mpaka limpate. Daudi alifukuzwa na Sauli maporini miaka, anajua *radaf* ni nini miguuni mwake mwenyewe. Sasa anasema kuna kingine kinanikimbiza, na hicho ni wema.

Nilikuwa nafundisha hivi vizuri tu, kwa miaka. Halafu ikafika 2024.

Mdogo wangu, wa kike, alikuwa na saratani. Mwanzoni mwa Mei alitakiwa awe Dar kuanza dripu, tarehe imeshapangwa, tukapanda basi sisi wawili na mto wake wa kulalia. Ni siku zile za kimbunga Hidaya. Tulipofika Somanga, Kilwa, barabara ilikuwa imekatwa na maji, sio shimo, imekatwa, lami imening'inia, upande wa pili unaona magari yanayotoka Dar nayo yamesimama foleni. Watu wamejaa, watoto wanalia, simu zimeisha chaji. Mdogo wangu alikuwa hawezi kukaa muda mrefu, mgongo, nikamtandikia khanga chini ya kibanda cha mama mmoja muuza samaki. Yule mama hatujuani, ni Mwislamu, akamtazama tu akaenda kuteka maji akampikia uji wa mtama mwepesi, akampulizia mwenyewe upoe, akamwambia "kunywa mwanangu, kidogokidogo." Nikatoa hela akanikatalia, akasema mgonjwa ni wa wote. Usiku akamlaza ndani kwenye kitanda chake yeye akalala mkekani, na hivyo hivyo mpaka njia ilipopitika.

Nimekaa sana na hilo jambo. Sitasema Mungu alikata barabara ili tukutane na yule mama, siwezi kusema hivyo na sitaki mtu aniambie hivyo, maana ile barabara ilitugharimu na tarehe yetu ya dripu ikapita. Ninachosema ni kwamba wema ulitukuta palepale tulipokwama, ulikuja na sufuria.

Alifariki Agosti.

Msibani mhubiri alisema yale tunayoyasikia siku zote, kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amempenda zaidi. Alisema kwa nia njema kabisa na simlaumu, lakini nilimwona mama yangu anainuka kwenye jamvi anatoka nje. Jioni akaniuliza, mwanangu, hivi mimi nilimpenda kidogo? Sikuwa na jibu la mwalimu. Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kutumia maneno hayo na nawaomba wanafunzi wangu nao waache. Soma Ayubu. Rafiki zake walikuja wakakaa naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, na hapo walikuwa watu wazuri sana. Waliharibu walipoanza kueleza. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, anasema aliyenena sawa ni Ayubu, yule aliyelalamika.

Kwa hiyo kulalamika sio kukosa imani. Karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo, watu wanamuuliza Mungu hata lini, umelala, mbona umenificha uso. Zaburi ya 88 inaanza gizani inaisha gizani, hakuna "haleluya" mwishoni, na bado imo kwenye Biblia, ikaimbwe. Kanisa lisiloimba maombolezo linamwachia aliyefiwa alie peke yake nyuma ya nyumba.

Warumi 8:28 nayo tuisome ilivyo. Haisemi mambo yote ni mema. Inasema "katika mambo yote Mungu hufanya kazi." Saratani sio njema. Utumwa haukuwa mwema. Wazee wetu wa Masasi wanajua hii kuliko mimi, maana kanisa lao lilianzishwa mwaka 1876 na watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakaja na askofu Edward Steere, wakashukia Lindi wakapanda bara kwa miguu. Hebu fikiria, huko bara ndiko wengi wao walikotolewa wamefungwa minyororo kuteremshwa pwani, sasa wanarudi wanatembea wenyewe na mizigo yao kichwani. Na usidhani baada ya hapo ilikuwa raha, 1882 Wangoni walioitwa Wagwangwara walikivamia kijiji chao cha Masasi, wakachoma, wakaua, wakachukua mateka, watu waliokwisha kukombolewa mara moja wakatekwa tena. Waliobaki wakaendelea kusali. Ukimsomea mtu wa namna hiyo kwamba wema utamkimbiza kama jeshi, anasikia kitu ambacho mimi na wewe tunakisoma tu.

Na kuna shida nyingine tusimsingizie Mungu, zina mkono wa mtu. Wazee wa korosho wanakumbuka, nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74, ikaporomoka hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Ubwiriubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulichangia sana, ndio, lakini na bei mbovu, na watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Habakuki anasema mtini usipochanua bado nitamfurahia BWANA, sawa, ila kabla ya hapo, sura ya kwanza, analalamikia dhuluma na sheria kulegea. Tusiruke sura.

Mama yangu ana mikorosho kama arobaini, kwenye eneo ambalo nusu alikuwa ameshamgawia mdogo wangu. Wiki ya tatu baada ya mazishi aliniamsha alfajiri twende tukapulize salfa, dawa ya ubwiriubwiri, maana salfa inashika vizuri kukiwa na umande na upepo haujaanza. Mimi nikabeba pampu. Yeye akawa anainamisha matawi anakagua, unajua maua ya mkorosho ni madogo sana, meupe yana mistari ya waridi, usipoyasogelea huyaoni, ubwiriubwiri ukiyapata yanakuwa kama yamemwagiwa unga halafu yanakauka meusi. Akafika kwenye mti wa mpakani, ule ambao mdogo wangu alipenda kukaa chini yake, akavuta tawi mpaka usoni akalinusa, akakaa nalo hivyo muda mrefu. Machozi yanamtoka hayafuti.

"Yamekubali mwaka huu," akasema. "Njoo unuse, mwanangu. Njoo uone yalivyokubali."

Nikaweka pampu chini nikaenda.