Charlotte Mason hakutuambia tuwatoe watoto shule

Jina la Charlotte Mason likitajwa mbele ya wazazi hapa Dar, hakosekani wa kusema: "Yule wa kusomeshea nyumbani? Hayo ya Wazungu wenye nafasi." Naona uchungu, kwa sababu mwalimu huyu wa Uingereza (1842–1923) ana jambo ambalo watoto wetu wanalihitaji sana: mtoto kusimulia kwa maneno yake alichosomewa. Hizi hapa dhana potofu ninazozisikia juu yake.

Dhana: Alipinga shule.
Alifundisha darasani miaka mingi kabla ya kuandika. Kitabu chake Home Education (Elimu ya Nyumbani) cha mwaka 1886 kilihusu malezi ya mtoto aliye chini ya miaka tisa, na hapo ndipo neno "nyumbani" lilipowapotosha wengi. Mwaka 1887 umoja wa wazazi aliouasisi ulianza mjini Bradford, na mwaka 1892 akafungua chuo Ambleside cha kuandaa walimu wa watoto. Kwetu, Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto wa miaka saba aandikishwe shule. Hakuna ugomvi hapo. Mafunzo yake yanatosha kwenye ile saa moja ya jioni tuliyonayo.

Dhana: Ni elimu ya matajiri.
Mwaka 1914 shule ya umma ya Drighlington, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Yorkshire, ilianza kutumia utaratibu wake. Shule nyingine za umma zikafuata.

Dhana: Kusimulia ni kukariri kwa jina jingine.
Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kwa Mason, mtoto husomewa kifungu mara moja tu, kitabu kinafungwa, kisha anaeleza alichosikia kwa maneno yake. Haulizwi "nani alifanya nini", wala harudiwi kusomewa. Anayejua kwamba hatarudiwa hutega sikio. Kukariri hurudia maneno ya mwingine hadi yagande. Anayesimulia inambidi achague, apange, aunganishe, na kile alichokipanga mwenyewe hakimtoki upesi.

Nasi hatukuwa wageni wa hili. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Bibi alitusimulia usiku, kesho yake tukamsimulia mdogo wetu, sauti ya fisi na sauti ya sungura kila moja mahali pake.

Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa akirudi na kurasa nzima alizonakili ubaoni. Nikimuuliza somo lilihusu nini, kimya. Nikaanza kumsomea ukurasa mmoja kila jioni. Siku ya kwanza alitoa sentensi tatu, akakwama. Sikumsahihisha. Baada ya wiki kadhaa, tumekwama kwenye foleni Buguruni ndani ya daladala, akanisimulia hadithi ya juzi yake mwanzo hadi mwisho, abiria wa kiti cha mbele wakigeuka kumsikiliza.

Dhana: Mtoto huachwa afanye atakavyo.
La hasha. Alisisitiza mazoea mema: usikivu, ukweli, utii. Vipindi vya wadogo havikuzidi kama dakika 20, kwa kuwa katika dakika hizo alitaka usikivu wote. Ukilinganisha na mtoto anayesinzia tuisheni saa moja usiku, utaona nani mwenye nidhamu.

Dhana: Lazima uwe na mashamba na vijito vya Uingereza.
Alitaka watoto wadogo wakae nje saa nyingi, watazame, na wawe na daftari la kuchorea mimea na wadudu waliowaona. Siku ya mapumziko unaweza kufika msitu wa Pugu au mikoko ya Kunduchi. Siku nyingine mwarobaini wa mtaani unatosha. Sisi tulianza na kunguru, maana Dar hatuwakosi. Nilimweleza mwanangu kwamba asili yao ni Bara Hindi, na kwamba waliletwa Zanzibar miaka ya 1890. Akachora kiota kilicho juu ya mkungu wa jirani, akaona kimechanganywa na vipande vya waya. Sasa anataka kujua waya wanaupinda kwa mdomo au kwa miguu, na kila asubuhi kabla ya shule anatoka nje kuchungulia.