Baridi inapoua vidole: maswali na majibu kutoka Vita vya Korea

Kwa nini tuzungumzie Vita vya Korea kwenye mada ya afya?

Kwa sababu huko, mwishoni mwa mwaka 1950, baridi ililaza askari wengi kuliko risasi. Vita vilianza Juni 1950 na kusimamishwa Julai 1953. Novemba ile ya kwanza, kwenye milima inayozunguka bwawa la Chosin, kaskazini mwa Korea, divisheni ya Marines (askari wa majini) ya Marekani na wenzao wa Umoja wa Mataifa walizingirwa na jeshi la China. Usiku joto lilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na kuna sehemu lilipita hapo. Divisheni hiyo ilipoteza watu zaidi ya 7,000 kwa sababu zisizo za mapigano, wengi wao wakiwa wameganda miguu na mikono. Wachina waliumia vibaya zaidi. Wengi walipelekwa kule na viatu vyepesi vya kitambaa, na kwa hesabu yao wenyewe walioumizwa na baridi walikaribia 30,000.

Baridi inamfanya nini mtu hadi akatwe mguu?

Mwili ukipoa sana huanza kuuokoa moyo na ubongo kwanza. Mishipa midogo ya vidole, masikio na pua hujibana, damu ikapungua huko. Baridi ikizidi, punje za barafu hujitengeneza baina ya seli na kuzinyonya maji. Hapo maumivu hukoma, na hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa ganzi mtu huidhania nafuu. Mguu ukija kuyeyuka, damu hufanya mabonge ndani ya mishipa iliyokwisha kujeruhiwa, na hata nyama ambayo ingepona hukosa damu ikafa.

Lakini askari wa Marekani si walikuwa na mabuti mazuri?

Walikuwa na mabuti ya mpira chini na ngozi juu, yasiyopitisha maji. Yalizuia maji ya nje yasiingie, na jasho pia yakalizuia lisitoke. Askari alipanda mlima na mzigo mgongoni, soksi zikalowa, kisha akaamriwa alale kwenye handaki akilinda usiku kucha. Jasho likaganda ndani ya buti. Ndiyo maana makamanda walisisitiza soksi zibadilishwe kila siku, na zilizolowa zikaushwe tumboni, chini ya nguo. Mwaka 1951 yalikuja mabuti mapya yenye tabaka mbili za mpira na kizuia baridi katikati. Miguu ililoa jasho humo vilevile, ila joto halikutoka.

Huduma ya kwanza ilitolewaje kwenye baridi kama ile?

Kwa shida ambayo ni vigumu kuieleza. Mofini ya kutuliza maumivu iliganda kwenye vitubu vyake, kwa hiyo askari tabibu walivibeba mdomoni, shavuni, ili viwe tayari vikihitajika. Plazima (sehemu ya majimaji ya damu) ya kuongezewa waliopoteza damu haikufaa kitu, kwani maji ya kuichanganyia yaliganda na chupa zikapasuka. Kumvua majeruhi nguo, au kuzikata ili jeraha lionekane, kulikuwa sawa na kumuua kwa baridi. Tabibu alivua glavu, akapenyeza mkono chini ya makoti, akapapasa mpaka akaligusa jeraha. Muda mfupi tu na vidole vyake mwenyewe vilianza kufa ganzi. Kulikuwa na jambo moja la heri: damu iliganda upesi, na wapo waliosalimika kwa sababu hiyo.

Manesi walikuwa wapi?

Hawakuwa kwenye mahandaki ya Chosin, lakini hawakuwa mbali na hatari. Kwenye uwanja mdogo wa ndege uliochongwa kwenye ardhi iliyoganda huko Hagaru-ri, karibu na bwawa hilo, majeruhi zaidi ya 4,000 walipakiwa kwenye ndege, na manesi wa jeshi la anga walishiriki kuwahamisha. Mmoja wao, Lillian Kinkella Keil, alikuwa amekwisha kuhudumu angani katika Vita Kuu ya Pili. Wengine walipokea wagonjwa katika mji wa Hamhung, na kwenye meli ya hospitali USS Consolation iliyotia nanga katika bandari ya Hungnam.

Zilikuwapo pia MASH, hospitali za upasuaji za mahema zilizohamahama kufuata mapigano. Manesi wa kwanza wa jeshi walifika Busan, bandari ya kusini mwa Korea, Julai 1950, na ndani ya siku chache 12 kati yao walikuwa wakielekea mstari wa mbele. Katika Vita Kuu ya Pili, kati ya majeruhi 100 waliofikishwa kwa madaktari, wanne au watano walifariki. Korea walipungua hadi wawili au watatu. Helikopta, damu na madaktari wa upasuaji husifiwa sana kwa hilo, na ni haki yao. Mimi naona sifa ya nesi aliyekesha akipima mapigo, akigeuza wagonjwa na kukagua vidole saa baada ya saa imetajwa kidogo mno.

Je, ni kweli watu weusi huumia zaidi?

Ndiyo, na inafaa tuseme wazi. Madaktari waliochunguza majeruhi wa Korea waliona askari weusi waliganda mara nyingi zaidi kuliko weupe, na tafiti za baadaye za jeshi la Uingereza zilionyesha hivyohivyo. Si uzembe wala udhaifu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mishipa ya vidole vyao hukawia kufunguka ikishajibana. Tena kwenye ngozi nyeusi, weupe wa mwanzo wa kidole kinachoganda hauonekani vizuri, kwa hiyo usitegemee macho. Gusa: kidole kigumu, baridi, kisicho na hisia, kinatosha kukutahadharisha.

Nipo Minneapolis, au ni mpagazi wa Kilimanjaro. Kidole kikiganda nifanye nini?

Kwanza ondoka kwenye upepo, vua soksi au glavu zenye unyevu, na vua pete. Usisugue, na hasa usisugue kwa theluji kama ilivyofanywa zamani, maana unapasua nyama. Kama bado utarudi kwenye baridi kali, usikiyeyushe: kinachoyeyuka na kuganda tena huharibika kupita kiasi. Ukifika mahali salama, kitumbukize kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, yanayoongezwa joto kila yanapopoa, kwa nusu saa hivi mpaka kilainike. Usitumie moto wala jiko, kwani kidole chenye ganzi huungua bila mtu kuhisi. Maumivu yatakuwa makali; ibuprofeni husaidia kwa asiyezuiwa kuitumia. Malengelenge yaache. Usivute sigara.

Usikimbilie pia kukubali kukatwa. Kidole cheusi kinachotisha wiki ya kwanza huweza kubaki na sehemu kubwa iliyo hai, na kama hakuna maambukizi, madaktari husubiri wiki kadhaa, hata miezi, hadi mpaka wa nyama iliyokufa ujionyeshe.

Kinachotaka haraka ni kufika hospitali. Malengelenge yakitokea, hasa yenye damu, au hisia zisiporudi, nenda siku hiyohiyo. Dawa za kuyeyusha mabonge ya damu hutolewa ndani ya saa 24 tangu kidole kiyeyuke, na iloprost, dawa ya kutanua mishipa ya damu iliyoidhinishwa Marekani Februari 2024 kwa majeraha makali ya baridi, nayo inapaswa kuanzwa mapema.