Je, wajua kwa nini mateso ya Chicago yalifikishwa Geneva?

Kuanzia 1972 hadi 1991, zaidi ya watu 100, karibu wote wanaume Weusi, waliteswa na kamanda wa polisi Jon Burge na askari wake kusini mwa Chicago. Mtu alivishwa mfuko wa plastiki kichwani mpaka pumzi imwishie, au akafungwa nyaya za kijisanduku cha umeme cha kuzungushwa kwa mkono, hadi akiri. Kukiri huko ndiko kulikompeleka gerezani, na wengine wakahukumiwa kifo.

Burge alifukuzwa kazi 1993, ila hakushtakiwa, na baadaye ikaelezwa kwamba muda wa kisheria wa kumshtaki kwa mateso umepita. Kesi ikiitwa "ukatili wa polisi", hubaki kosa la askari fulani. Mawakili na wanaharakati wakaiita mateso, neno lenye mkataba wa Umoja wa Mataifa nyuma yake, Mkataba dhidi ya Mateso, ambao Marekani iliuridhia 1994. Hapo anayedaiwa ni dola yenyewe.

Kikwazo ni kwamba Marekani haikukubali ibara ya 22 ya mkataba huo, inayomruhusu mtu mmoja mmoja kulalamika mbele ya Kamati dhidi ya Mateso, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia mkataba huo na kukutana Geneva. Njia iliyobaki ni ripoti mbadala: serikali inapokwenda Geneva kujieleza, asasi nazo hupeleka ushahidi wao, na wajumbe huutumia kuihoji. Kamati haina polisi wala jela, kwa hiyo anayerudi nyumbani na kukaa kimya hapati kitu.

Mei 2006 Kamati iliitaja Chicago na kutaka uchunguzi wa haraka, tena usioegemea upande. Mwaka 2008 Burge akashtakiwa katika mahakama ya shirikisho kwa kusema uongo chini ya kiapo kuhusu mateso hayo, maana kosa hilo lilikuwa bado halijapitwa na muda. Alihukumiwa kifungo cha miaka 4 na nusu.

Kifungo hicho hakikumponya aliyeteswa. Ibara ya 14 ya mkataba inadai fidia na huduma za kumrejesha mtu katika hali yake, na madai ya namna hiyo ndiyo yaliyoingia katika sheria ndogo ya jiji iliyopitishwa tarehe 6 Mei 2015: dola milioni 5.5, hadi dola 100,000 kwa manusura mmoja, msamaha rasmi, masomo ya bure katika vyuo vya jiji kwao na familia zao, na historia hiyo kufundishwa darasa la 8 na la 10. Kituo chao cha ushauri nasaha kilifunguliwa 2017.